Mnaopakia njia "zilizounganishwa" za Open Rails (mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta), acheni kutupotezea bando

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu anachukua njia mbili za mashabiki (ramani za reli za mchezo) zilizotengenezwa kwa mfumo wa MSTS (Microsoft Train Simulator), anamwaga folda za WORLD, TILES, SHAPES na TEXTURES zote kwenye folda moja, anapachika kipande cha reli katikati, kisha anapakia magigabaiti na kuandika "imeunganishwa, imejaribiwa". Imejaribiwa na nani? Treni ikifika kwenye kiungo inaacha reli. Fungua TrackViewer, programu ya kutazama mtandao wa reli inayokuja na Open Rails, utaona ncha mbili za mwisho wa reli zimetazamana. Kwa macho reli imeungana, lakini kwenye .tdb (faili la data ya reli) haijaungana, na treni inafuata .tdb.

Linaloudhi kuliko yote ni tsection.dat (faili la vipimo vya vipande vya reli), ile ya ndani ya folda ya njia, siyo ya folda ya GLOBAL inayotumiwa na njia zote. Vipande vya reli dinamiki (vile ambavyo mtengenezaji hujipangia urefu na mpindo) huhesabiwa humo kuanzia 40000. Njia ya kwanza inaanzia 40000, ya pili vilevile. Sasa ukibandika faili moja juu ya jingine, tuseme kipande 40016 kilikuwa kona ya nusukipenyo cha mita 600, kinageuka kuwa mnyoofu wa mita 35. Reli unaiona inapinda, treni inanyoosha juu ya nyasi, kisha inarushwa kurudi relini kipande kinachofuata kinapoanza. Watu wakilalamika mnawaambia kompyuta zao ni mbovu! Dawa inajulikana: namba za njia ya pili zianzie baada ya namba ya mwisho ya njia mama (ile ya kwanza), na zibadilishwe kila zinapotajwa, kwenye .tdb na kwenye .w (faili za vitu vilivyowekwa kwenye kila kigae cha ardhi).

Vitu vya relini navyo vina namba: taa za ishara, majukwaa, saidingi, vibao vya kasi. Hivi vinaanzia 0, nodi za reli (mikondo, makutano na ncha zake) zinaanzia 1. Njia mama ikiwa na vitu 5800, cha mwisho ni 5799, basi njia ya pili ianze na 5800. Wengi wenu mnaishia hapo. Namba hizohizo ziko kwenye TrItemId ndani ya .w, ambapo tarakimu ya kwanza 0 ni reli na 1 ni barabara. Kivuko cha reli na barabara kina zote mbili, kwa hiyo .rdb (faili la data ya barabara) nayo lazima iguswe. Tena kuna PlatformStartID (namba ya jukwaa) kwenye .srv na .tfc, faili za huduma na ratiba za treni. Ukiiacha na namba ya zamani, treni ya abiria inapangiwa jukwaa la stesheni ambayo haipiti kabisa, na safari nzima inaharibika.

Vigae: kila kimoja ni mita 2048 kwa 2048. Njia zote mbili zikiwa na kigae chenye jina moja, msiache .w moja ifute nyingine. Unganisheni yaliyomo, na UiD (namba ya kila kitu) zisijirudie ndani ya kigae. Ardhi ya kila kigae ina pointi za kimo 256 kwa 256, moja kila mita 8, hivyo kingo zisiposawazishwa unapata ukuta katikati ya shamba. Na mwinuko wa reli upimwe jamani. Tofauti ya mita 1.8 inataka mita 180 za reli kwa mteremko wa asilimia 1. Mkiimaliza kwa mita 20 ni asilimia 9, na hapo treni ya mizigo haipandi.

sigcfg.dat na sigscr.dat (faili za aina za taa za ishara na skripti zake): aina mbili za taa zenye jina moja lakini skripti tofauti, moja ibadilishwe jina, hata kwenye .tdb.

Anayetaka kuunga Reli ya Kati ya zamani na TAZARA akumbuke kwamba upana wa reli ya kwanza ni milimita 1000, ya pili 1067. Kidatu kwenyewe shehena huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Chora saidingi mbili sambamba za kuhamishia, usilazimishe kiungo.

Halafu ruhusa. Readme ya mwenye njia ikikataza kusambaza upya, usipakie kazi yake. Weka maelekezo na namba ulizosogeza, kila mtu aunganishe nakala yake mwenyewe.

Wasimamizi, naomba uzi wowote wa njia iliyounganishwa ufungwe mpaka mhusika aweke picha ya TrackViewer ya kiungo cha reli, namba ya kwanza ya vipande dinamiki vya njia ya pili, na orodha ya vigae vilivyogongana.