MJADALA: Mayai na kuku kutoka nje yazuiwe, au kinachotuumiza kiko humu humu ndani?

Mfugaji wa Banda: Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Nina kuku wa mayai mia tano. Wiki hii nimeuza trei kwa bei isiyorudisha hata chakula walichokula. Mnunuzi kasema kuna mzigo umeingia kutoka nje, nishushe au nibaki nazo. Nikashusha, maana yai halikai ghalani kama mahindi. Sasa nauliza: kwa nini mlango usifungwe? Senegal walizuia nyama ya kuku kutoka nje mwaka 2005, wakati wa hofu ya mafua ya ndege, na hawakuharakisha kufungua. Wafugaji wao wakapata nafasi ya kusimama. Sisi tunasubiri nini?

Mama Tetea: Naunga mkono kwa mikono miwili. Watu hawajui mzigo wa kulisha. Tetea mmoja anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku, soko liwepo lisiwepo. Kwa mia tano hao ni karibu kilo 60 kila kukicha. Ukipunguza chakula ili ubane matumizi, anakujibu ndani ya siku chache: mayai yanapungua, ganda linakuwa jepesi, na kumrudisha alipokuwa ni kazi. Anayeleta mayai ya bei ya kutupa anatukuta tumefungwa mikono.

Mchuuzi wa Trei: Mimi ndiye huyo mnunuzi mnayemsema kila siku, basi nisikilizeni na mimi. Mnaliona yai likitoka bandani tu. Mafuta ya gari ni yangu, yanayopasuka njiani ni yangu, dukani wananirudishia machafu. Halafu nikimuuliza mfugaji trei moja imekugharimu kiasi gani, ananitazama tu. Wengi wenu hamna hata daftari. Mtu asiyeandika anajuaje kama anapata hasara? Anzeni na daftari kwanza, mipaka baadaye.

Mama Tetea: Hapo umenigusa pabaya, kaka. Daftari langu linaning'inia kwenye msumari mlangoni mwa banda, jalada limeshaliwa na vumbi la pumba. Kila jioni naandika waliokufa, kilo walizokula, mayai mazima, yaliyopasuka, yasiyo na ganda. Najua trei yangu inasimama kwa kiasi gani. Sikuambii kwa sababu nilishawahi kumwambia mchuuzi mmoja, na tangu siku hiyo bei yake haikuvuka namba ile hata senti. Na wewe, daftari lako umemwonyesha nani?

Mchuuzi wa Trei: Dada, sikukusudia wewe.

Mama Tetea: Umesema wafugaji. Mimi ni nani?

Jogoo la Shamba: Kabisa. Kila mjadala wa mifugo lazima mtu aje kutuambia hatujui hesabu. Mwaka juzi ugonjwa wa mdondo ulipita kwangu, asubuhi moja nikazoa kuku tisini na tatu kwa mikono yangu. Wale niliwahesabu mmoja mmoja. Usinifundishe kuhesabu.

Kijana wa Vifaranga: Poleni. Ila naomba niseme kitu kuhusu swali lenyewe. Hata mlango ukifungwa leo, tutaumizana wenyewe. Bei ya mayai ikipanda, kila mtu anaagiza vifaranga mwezi ule ule. Kuku anaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, na karibu wiki ya 28 yuko kileleni. Maana yake tukiitikia bei ya leo kwa pamoja, baada ya miezi sita tunafurika mayai kwa pamoja, bei inaanguka, wengine wanauza kuku wao nyama kabla ya wakati. Mayai yanaadimika, bei inapanda, tunaagiza tena. Huo mzunguko hauhitaji yai hata moja kutoka nje.

Jogoo la Shamba: Wewe si ndiye unayeuza vifaranga?

Kijana wa Vifaranga: Ndiyo, nauza. Ndiyo maana nauona. Bei ikiwa nzuri simu yangu haipumziki usiku na mchana, ikiwa mbaya nabaki na vifaranga wanaolia kwenye makasha. Wenye uwezo wa kuagiza wakati wengine wamekata tamaa ndio hufika sokoni siku nzuri.

Jogoo la Shamba: Na hao wenye uwezo ndio wale wale wenye mabanda makubwa. Umejijibu.

Zizi la Babu: Wanangu, mnagombania trei, lakini angalau yai linahesabika. Sisi wa ng'ombe tunauza kwa jicho la mtu mwingine. Nilipeleka maksai mnadani. Dalali akamzunguka, akambana kwenye shina la mkia, akampapasa mbavu, akasema huyu hafiki kilo 250. Tukabishana, nikachoka, nikapokea. Kijana wangu akamfuata mpaka machinjioni. Nyama iliyotundikwa ilikuwa kilo 152. Nusu ya uzito wa ng'ombe ndiyo hubaki nyama na mifupa, au zaidi kidogo akinona. Pigeni hesabu wenyewe.

Bwana Mifugo Mstaafu: Shikamoo Babu. Hesabu yako iko sawa, huyo alikuwa akikaribia kilo 300 akiwa hai. Kama hakuna mizani, upo utepe wa kupima mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele. Hautoi jibu la mizani, lakini unakupa mahali pa kusimamia unapobishana.

Dalali Mkongwe: Mnaizungumza mizani kama vile haidanganyiki. Kuna watu wanawalambisha ng'ombe chumvi jioni, alfajiri wanawanywesha mpaka tumbo linatikisika, ndipo wanawaleta. Mizani italipia maji. Jicho langu halilipii maji. Miaka zaidi ya ishirini nimelitumia na wachinjaji bado wananitafuta.

Zizi la Babu: Marahaba, bwana mifugo. Na wewe dalali, wachinjaji wanakutafuta kwa sababu jicho lako linakosea upande wao. Wangu katembea siku mbili bila maji ya kutosha, akafika tumbo limeingia ndani. Mbona hilo hukulirudisha kwenye bei?

Dalali Mkongwe: Babu, kwa heshima zote, ulikuwa na haraka. Mwenye haraka anaonekana tangu getini. Angesubiri wiki mbili angepata bei nyingine.

Zizi la Babu: Nisubiri nikimlisha nini? Malisho yamekwisha, kisima kimebaki tope, na ndama wawili walikuwa wameshalala chini. Unaita haraka? Hiyo ni njaa ya mifugo.

Bwana Mifugo Mstaafu: Hapa Babu kasema jambo zito, na haliko kwetu tu. Marekani, Januari 2024 walihesabu ng'ombe milioni 87 na kidogo, wakati huo idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Ukame ulichangia sana: watu waliuza mitamba na majike waliopaswa kuzaa. Bei ilipopaa, wengi hawakuwa na cha kupeleka sokoni. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, na ndama anahitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi mpaka auzike. Zizi likishapungua halijazwi kwa tangazo la bei.

Mchuuzi wa Trei: Sasa mayai yamesahaulika.

Mama Tetea: Hayajasahaulika. Ni kitu kile kile. Mimi nikiwa na trei arobaini chumbani na joto hili, na wewe unajua nina trei arobaini, nimeshashindwa kabla hujafungua mdomo. Ningekuwa na mahali pa baridi pa kuziweka wiki mbili, tungezungumza kama watu wawili.

Mchuuzi wa Trei: Hilo nakubali. Na ile ya daftari nairudisha, niliijumlisha vibaya. Lakini wafugaji kumi mkikusanya mzigo sehemu moja, mayai yamechaguliwa na kufutwa, hata mimi naongeza bei. Kinachonimaliza ni kuzunguka banda kwa banda kutafuta trei tano tano.

Jogoo la Shamba: Tulijaribu. Mmoja akauza pembeni usiku kwa bei ya chini, kikundi kikafa. Sitaki kuzungumzia zaidi.

Mfugaji wa Banda: Jamani, niliuliza kuhusu mipaka.

Kijana wa Vifaranga: Funga mipaka miezi ambayo tumefurika, fungua tukipungukiwa. Ila anayepanga awe na idadi ya kweli ya vifaranga wanaoingizwa mabandani kila mwezi.

Mfugaji wa Banda: Idadi hiyo tutaipata kwa nani, kama ninyi wauzaji hamsemi?

Mchuuzi wa Trei: Mfugaji wa Banda, una trei ngapi leo?

Mfugaji wa Banda: Kumi na tatu na mayai kumi ya jana, na ishirini na sita za juzi na siku iliyotangulia. Bei ya wiki iliyopita siuzi.

Mchuuzi wa Trei: Nakuja kesho asubuhi. Tutazungumza.

Zizi la Babu: Na mizani? Dalali, nimekuuliza juu ya siku mbili za kutembea bila maji, bado hujanijibu.