Ngiri ya kinena: neti au kushonwa, kufunguliwa au matundu? Na daktari unamchaguaje Arusha/Moshi?

Mdau_wa_Machame

Wakuu heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii, hasa mlioko Arusha na Moshi.

Mgonjwa ni kijana wa miaka 36, mpagazi wa Kilimanjaro. Ana uvimbe kinenani upande wa kulia, mwaka mmoja sasa. Akilala unarudi wenyewe, akisimama sana au akikohoa unatoka kama limau. Maumivu si makali, panavuta tu ikifika jioni. Sukari hana, presha hana, sigara anavuta. Altrasaundi imeandika ngiri ya kinena.

Hospitali moja inataka kumfungua na kuweka neti (kiraka cha wavu wa plastiki) kwa ganzi ya mgongo. Nyingine inasema matundu matatu madogo ya kupitisha kamera na vifaa, kwa nusu kaputi, na bei inakaribia mara mbili. Nyumbani wazee hawataki kabisa kusikia habari ya neti, wanasema ashonwe kama zamani. Tushike lipi? Na daktari mzuri wa ngiri unamjuaje kabla hajashika kisu?

Koleo_na_Uzi

Mkuu, kwanza hakikisha ni ngiri kweli. Huku kwetu neno hili limebebeshwa kila kitu, kuanzia tumbo kunguruma hadi nguvu za kiume, ndiyo maana dawa za "ngiri" za stendi hazikosi wateja. Ngiri tunayoizungumzia ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, mafuta au utumbo unapenya hapo. Hakuna mzizi unaoziba tundu. Kipimo chake ni mkono: mgonjwa anasimama, daktari anaweka vidole kinenani, anamwambia kohoa. Ngiri inagonga vidole. Busha haligongi. Lile ni maji, ukilimulika kwa tochi gizani linapitisha mwanga, na vidole vinaweza kukutana juu yake kwa sababu limeishia kwenye korodani. Daktari akipanga upasuaji kwa kusoma karatasi ya altrasaundi tu, bila kumsimamisha mgonjwa na kupima pande zote mbili, tafuta mwingine.

Kuhusu neti. Kushona kwa zamani, mtindo wa Bassini wa Italia wa miaka ya 1880, ni kuzivuta kingo mbili za tundu na kuzikutanisha kwa uzi. Tatizo lake ni mvuto. Kila akikohoa, kila akiinuka na mzigo, uzi unakata nyama kidogo kidogo mpaka tundu linafunguka tena. Lichtenstein wa Los Angeles, miaka ya 1980, aliachana na kuvuta: acha nyama zilale zilivyo, weka kiraka juu yake. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unapendekeza neti kwa mtu mzima mwenye ngiri ya kinena, iwe kwa kufungua mtindo wa Lichtenstein au kwa matundu. Watoto ni habari nyingine: kwao kinachofanyika ni kufunga kifuko tu, hakuna neti.

Neti yenyewe ni polipropilini, ileile jamii ya plastiki inayotengeneza uzi wa Prolene ambao wazee hao pengine wameshashonwa nao. Kwa kufungua inakatwa takriban sentimita 7 kwa 15. Mkato wa ngozi ni sentimita 5 hadi 6. Daktari anapita tabaka hadi kwenye mshipa wa korodani, anautenganisha na kifuko cha ngiri, anakirudisha ndani. Neti inachanwa upande mmoja iwe na mikia miwili, mshipa unapita katikati, mikia inapishana nyuma yake. Ukingo wa chini unashonwa kwenye kano la kinena.

Kosa kubwa hutokea kwenye kona ya ndani, karibu na mfupa wa kinena. Neti inatakiwa ipite juu ya mfupa ule kwa sentimita 2 hivi. Ikiishia pale pale mfupani, au ikikatwa ndogo kwa kubana matumizi, ngiri inarudi kupitia kona hiyo hiyo. Isivutwe ikakaza kama ngoma pia. Inatakiwa ilegee kidogo, maana mgonjwa akisimama ukuta wa tumbo unasukuma mbele, na neti hunywea kadiri miezi inavyopita.

Matundu: neti inaingia kwa ndani, nyuma ya misuli, na iwe kubwa, isipungue sentimita 10 kwa 15. Maumivu ya siku za kwanza ni pungufu, mtu anarudi kazini mapema kidogo. Lakini ni nusu kaputi, na ni kazi ngumu kujifunza. Kwa kawaida daktari huhitaji kufanya nyingi, makumi kadhaa hadi kama 100, ndipo mkono utulie.

Kwa kijana wako, upande mmoja, mara ya kwanza, afya njema: Lichtenstein kwa mtu aliyeizoea inatosha kabisa. Bei mara mbili ningeilipa kama ngiri ziko pande zote mbili, kama imerudi baada ya kufunguliwa kwa mbele (unaingia kwa njia ambayo haijachezewa), au kama mgonjwa ni mwanamke. Ikiwa ilirudi baada ya matundu, basi unafungua kwa mbele. Na aliyewahi kufunguliwa tumbo la chini kwa ajili ya tezi dume, kwa kawaida ni bora kumfungulia kinena kuliko kumpeleka kwenye matundu.

Njiro_77

Nakubaliana na hapo juu kwa sehemu kubwa, ila wazee wasibezwe. Kati ya watu 10 wanaofanyiwa, mmoja hivi hubaki na maumivu ya namna fulani baada ya miezi mitatu, na wengi hukimbilia kulaumu neti. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa fahamu. Kinenani inapita mitatu, na ukiukanyaga kwa uzi au ukaunasa kwenye kovu, mtu atalalamika ganzi, kuungua, kuchomwa kama sindano hadi pajani. Daktari mzuri anaitafuta kwa macho kabla ya kushona. Muulize tu: "Mishipa ya fahamu unaifanyaje?" Akikujibu kwa sentensi mbili zinazoeleweka, umempata. Akikwambia usijali, jali.

Kama familia imegoma kabisa neti, isiwe Bassini. Waombe Shouldice, mtindo wa Toronto, tabaka zinashonwa kwa kupishana. Ndiyo yenye matokeo bora kati ya njia zisizo na neti, lakini kwa mtu anayeifanya mara kwa mara tu. Kuna pia ya Desarda kutoka India, anatumia ukanda wa utando wa mgonjwa mwenyewe badala ya neti. Sikatai, ila kwa kijana wa kubeba mizigo ningebaki kwenye neti.

Mtaani mtasikia watu wamewekewa "chandarua". Habari hiyo ina ukweli wake. Uganda walilinganisha neti ya viwandani na neti ya bei nafuu yenye malighafi ya chandarua kwa wanaume 302, matokeo yakatoka mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa mmoja tu, na maumivu hayakuwa na tofauti ya kusema. Lakini ilikuwa aina maalumu, imekatwa na kutakaswa kwa utaratibu wa chumba cha upasuaji. Hiyo haina maana ununue chandarua sokoni ukampe daktari.

Nesi_wa_Thieta

Mdau, mimi niseme ya upande wa kupanga.

Kanda yetu haina shida ya mahali. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda na inafundisha madaktari bingwa, Mawenzi na Mount Meru ni za rufaa za mikoa, Arusha kuna pia hospitali ya Kilutheri, ALMC. Jina la jengo lakini halishoni. Uliza nani atashika kisu. Kwenye hospitali ya kufundishia anaweza kuwa mwanafunzi wa ubingwa akisimamiwa na bingwa, na hilo si baya, mradi bingwa awe amenawa na amesimama mezani, asiwe anasubiri simu ofisini. Uliza amefanya ngiri ngapi mwaka uliopita kwa njia hiyo hiyo anayoipendekeza, na ngapi zimemrudia. Mtu anayefanya kila wiki hajibu kwa hasira.

Usajili wa daktari unaulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ubingwa wa upasuaji ni ama MMed ya chuo kikuu au FCS ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yako hapa hapa Arusha. Hakuna anayepaswa kuona aibu kukutajia.

Bei: ukiambiwa kiasi fulani, uliza kama neti imo ndani au utaandikiwa ukanunue nje. Uliza na mtu wa usingizi, vipimo, kitanda cha usiku mmoja, na kutoa nyuzi. Tofauti ya "mara mbili" wakati mwingine inayeyuka ukishajumlisha. Mwenye bima aende dawati la bima na jina kamili la upasuaji, aulize kama njia ya matundu inahitaji kibali kabla.

Ganzi nayo ina chaguo. Lichtenstein inafanyika hata kwa ganzi ya pale pale, inafaa wazee wenye moyo mbovu. Ya mgongo ni nzuri ila mkojo unaweza kugoma usiku ule, hasa kwa mwenye tezi dume. Mzee anayekojoa kwa kusukuma atibiwe tezi kwanza, la sivyo atasukuma na mshono. Vivyo hivyo choo kigumu na kikohozi. Na huyo kijana sigara aache angalau wiki nne kabla: kidonda kinachelewa kupona, na kikohozi baada ya upasuaji ndicho kinachojaribu kazi ya daktari.

Siku yenyewe: chakula kisimame masaa sita kabla ya upasuaji, maji matupu masaa mawili kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Mbege usiku wa kuamkia, hapana. Asinyoe nyumbani kwa wembe, mikwaruzo inakaribisha vijidudu. Nywele zitapunguzwa hospitalini kwa mashine. Anayetumia dawa za kulainisha damu aseme mapema, siyo akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu.

Akitoka, atembee siku hiyo hiyo. Avae chupi ya kubana, korodani itavimba na kubadilika rangi na ni kawaida. Uvimbe mgumu pale pale ngiri ilipokuwa, wiki ya kwanza hadi ya pili, mara nyingi ni maji na hunyonywa wenyewe, asiruhusu mtu auchome sindano. Homa, usaha, au korodani inayouma vikali: arudi haraka. Bodaboda ya barabara ya vumbi aipumzishe wiki mbili.

Koleo_na_Uzi

Nyongeza kuhusu muda wa kufanya. Kwa mwanaume asiye na maumivu makubwa, haraka haipo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliosubiri wakiangaliwa, walionasa utumbo kwa dharura walikuwa chini ya wawili kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wengi wao hatimaye huja kufanyiwa, zaidi ya theluthi mbili ndani ya miaka 10, kwa sababu maumivu yanaongezeka. Kwa hiyo apange na kazi yake: afanyiwe mwanzoni mwa masika, Machi au Aprili, wageni wamepungua. Kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Mzigo wa kichwani, nampa wiki sita, aanze na kilo 5, 10, ndipo afike kwenye 20 ya mlimani. Mwongozo wenyewe ni mlegevu kuliko mimi, lakini hawakuandika wakimfikiria mtu wa kupanda na mzigo hadi kambi ya Barafu, Kilimanjaro.

Mkanda wa ngiri asiuvae kazini akidhani unatibu.

Mdau_wa_Machame

Shukrani sana wakuu, nimenakili yote. Swali la mwisho, nadhani ni dogo. Mama yake, miaka 63, naye ana kivimbe kinenani, chini ya mkunjo, kama punje ya njegere hivi. Kigumu, hakirudi akilala. Wanasema ni mtoki. Nimuweke kwenye foleni hiyo hiyo ya masika?

Koleo_na_Uzi

Hapana. Hilo ndilo swali kubwa la uzi huu.

Mtoki kwa kawaida una sababu: kidonda mguuni, jipu, kucha iliyooza. Mwangalie miguu na nyayo zote mbili. Kama hakuna kitu, kivimbe chini ya mkunjo kwa mwanamke wa umri huo ni ngiri ya paja mpaka ithibitike vinginevyo. Tundu lake ni jembamba na kingo zake ni ngumu, utumbo ukiingia hautoki, unakosa damu ndani ya saa chache. Takwimu ya kusubiri niliyoitoa ni ya wanaume wenye ngiri ya kinena, haimhusu kabisa.

Apelekwe wiki hii kwa daktari wa upasuaji, siyo zahanati kupewa vidonge vya mtoki. Hapa ndipo matundu yana faida, kama bingwa aliyeyazoea yupo, kwa kuwa anaiona kwa pamoja mianya yote ya kinena inayoweza kutoa ngiri. Asipokuwepo, kufunguliwa na mtu mzoefu kuliko kusubiri mashine.

Kivimbe kikianza kuuma, tumbo likajaa, akatapika, hewa na choo visipite: usikisukume, usimpe chakula wala maji, usimpe dawa ya kuharisha. Gari, usiku huo huo, penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24. Mapokezi sema "ngiri imenasa" kabla ya kusema jina.

Nesi_wa_Thieta

Na aende na barua ya rufaa ikiwezekana, ila asikae siku tatu akiitafuta. Kijana atasubiri masika, mama atangulie.