Je, taimingi za RAM zikae sawa kwanza kabla ya kuongeza mwendo wa prosesa?

Mpiga Video wa Ngamiani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kompyuta ninayohariria video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Prosesa yake ni Ryzen 5 3600, mazabodi ni ya B450, na RAM ni mbili za DDR4, gigabaiti 8 kila moja, zenye kibandiko kilichoandikwa 3200, na chini yake taimingi (nambari za muda ambao RAM husubiri kati ya hatua moja na nyingine) 16-18-18-38, volti 1.35. Nilitaka kuipandisha prosesa ifike gigahezi 4.2 katika viini vyote sita ili kazi ya kutoa video iishe mapema, maana msimu wa harusi wateja hawana subira.

Nilipofungua CPU-Z, programu inayoonyesha mwendo wa prosesa na RAM, niliona RAM inasoma megahezi 1066, taimingi 15-15-15-36. Nikaingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka), nikaandika 3200 kwa mkono, nikaziacha zile 15 kama zilivyo kwa kuwa nimesikia kwamba nambari ndogo ndiyo bora, na papo hapo nikapandisha na prosesa. Kompyuta iliwaka mara moja, ikatoa skrini ya bluu katikati ya kazi, kisha ikawa haionyeshi chochote mpaka nilipochomoa betri ndogo ya mazabodi. Sasa sijui mwenye kosa ni prosesa au ni RAM. Nianze na lipi?

Fundi wa Chumbageni

Waalaykum salaam, kaka. Umepandisha vitu viwili kwa mpigo, na ndiyo maana humjui mkosaji. Irudishe prosesa katika mpangilio wa kiwanda uiache huko, tushughulike na RAM peke yake.

Hiyo 1066 isikutishe. DDR hupitisha data mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo 1066 ndiyo 2133, na mambo yakikaa sawa utaona 1600, ambayo ndiyo 3200 yako. Mazabodi ilichukua mwendo wa tahadhari kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo.

Ulipopotea ni kwenye taimingi. Nambari zile huhesabu mizunguko, hazihesabu muda, na mzunguko wenyewe hufupika kadiri mwendo unavyopanda. Ukitaka muda halisi kwa nanosekunde, chukua taimingi, zidisha kwa 2000, kisha gawanya kwa mwendo ambao RAM inakimbia, yaani 2133 au 3200, si 1066 au 1600. Kwa 2133, mizunguko 15 ni nanosekunde 14 na ushei. Kwa 3200, mizunguko hiyo hiyo 15 ni nanosekunde 9.4 tu. Kibandiko chako kimeahidi 10 kwa nambari ya kwanza, na 11.25 kwa ya pili na ya tatu. Kwa hiyo uliidai RAM imalize kwa 9.4 kazi ambayo mwenyewe imesema huimaliza kwa 11.25, na kama hukugusa volti, uliidai hivyo ikiwa na volti 1.2 za kawaida za DDR4.

Ili usizione nambari hizo kama za bahati nasibu, fikiria kabati lenye watoto wa meza wengi, ambalo kwa wakati mmoja unaweza kufungua mmoja tu. Nambari ya pili, tRCD, ni muda wa kumvuta mtoto wa meza mpaka awe wazi kabisa. Ya kwanza, tCL, ni muda tangu uombe karatasi iliyomo hadi ikufikie mkononi. Ya tatu, tRP, ni muda wa kumfunga kabla hujamvuta mwingine. Ya nne, tRAS, ni muda mdogo kabisa ambao lazima abaki wazi, na ndiyo maana kwa kawaida haiwekwi chini ya jumla ya mbili za kwanza: 16 na 18 ni 34, nawe una 38, kwa hiyo hapo huna tatizo.

Usiziandike kwa mkono. Katika BIOS tafuta profaili ya XMP, yaani mipangilio iliyoandaliwa na mtengenezaji wa RAM, ambayo kwenye mazabodi za AMD huitwa DOCP kwa ASUS na A-XMP kwa MSI, uiwashe, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba imeweka 16-18-18-38 na volti 1.35. Kama mazabodi ina sloti nne, RAM mbili zikae katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka humo, uiache imalize raundi zote nne. Kosa moja tu ni kushindwa. Na kabla ya yote, nakili video za wateja kwenye diski ya nje, kwa sababu RAM yenye kasoro inaweza kuharibu faili kimyakimya, na utakuja kugundua siku bwana harusi anapokuja kuchukua kazi yake.

Mzee wa Makorora

Fundi amesema kweli, na sisi wa zamani tulijifunza kwa maumivu. Enzi za prosesa za Core 2 za Intel mwendo wa RAM ulifungwa kwenye basi moja na prosesa (basi ni mapigo ya msingi ya mazabodi), hata ukigusa moja umegusa na nyingine. Nilikuwa na prosesa ya E6600, basi megahezi 266 mara kizidisho cha 9, yaani gigahezi 2.4, pamoja na RAM ya DDR2-800. Nikapandisha basi hadi 333 nipate gigahezi 3.0, nikasahau uwiano wa basi na RAM, na RAM ikajikuta inakimbizwa kwa 1000 bila mimi kujua. Windows iliharibika mara mbili, nami nikawa namlaumu prosesa asiye na hatia. Dawa ilikuwa kushusha uwiano uwe 1:1, RAM ikimbie 667, ndipo nipandishe basi. Kwenye Ryzen hupandishi basi, unapandisha kizidisho, kwa hiyo mtego huo umeondoka.

Dada wa Raskazone

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi huiacha RAM katika 2133, ambayo najua haina shaka, nikapandisha prosesa kwanza na kuipima kwa Prime95, programu ya kuichosha prosesa, jaribio la Small FFTs, ambalo hukaa ndani ya kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) na kuigusa RAM kwa nadra sana. Likianguka, najua ni prosesa. RAM huja baadaye.

Fundi wa Chumbageni

Dada, sina ugomvi na njia yako, kwa sababu nayo inapandisha kimoja kimoja. Ila kwa Ryzen naona RAM itangulie. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na njia inayounganisha sehemu za prosesa hiyo hukimbia sambamba na RAM: kwa 2133 njia hiyo ni 1066, kwa 3200 ni 1600. Ukiipandisha RAM mwishoni, umebadilisha kazi ya prosesa uliyokwisha kuipima, na inakubidi upime upya. Tena 3600 yenyewe hufika 4.2 bila kuguswa pale kiini kimoja kinapofanya kazi, kwa hiyo huenda ndugu yetu akapata faida kubwa zaidi kwenye RAM kuliko kule anakokimbilia.

Mpiga Video wa Ngamiani

Fundi, ahsante sana, na shikamoo Mzee. Nimewasha profaili, CPU-Z sasa inasoma 1600 na 16-18-18-38. Usiku MemTest86 ilimaliza raundi nne bila kosa. Nikarudia leo saa nane mchana, chumba kikiwa na joto letu hili la Tanga na feni moja tu ya dari, ikatoa makosa mawili katika raundi ya tatu. Nimefungua kasha, nimesafisha vumbi lililoziba feni ya mbele, nikarudia: kosa moja.

Fundi wa Chumbageni

Umefanya vyema kupima mchana. RAM hutunza data kwa chaji ndogo sana inayovuja, na joto huifanya ivuje haraka zaidi, kwa hiyo kipimo cha usiku hakikuwa kimekuambia yote. Usiongeze volti katika chumba cha namna hiyo. Shusha mwendo hadi 2933, acha 16-18-18-38 na 1.35 kama zilivyo. Nambari ya kwanza itakuwa karibu nanosekunde 10.9, nafuu ya kutosha. Ikiendelea kukosea, pima RAM moja moja katika sloti ile ile ili ujue iliyo mbovu.

Mpiga Video wa Ngamiani

Nimeshusha hadi 2933. Raundi nne mchana, saa nane hadi jioni, hakuna kosa hata moja. Kesho naanza prosesa kwa gigahezi 4.0, RAM siigusi tena.