Maduka ya vifaa vya karakana: bei ya huduma tunalipa, huduma yenyewe iko wapi?

Wakuu, nimechoka na huu wimbo wa "nunua dukani uone kwa macho, mtandaoni utapigwa". Kuona kwa macho kupi? Mashine iko ndani ya boksi, boksi limepigwa gundi pande zote, na ukisema lifunguliwe muuzaji ananuna kana kwamba umemtukania mama yake. Ukiomba ichomekwe ijaribiwe, unaambiwa hapa hakuna soketi. Duka linauza mashine za umeme, halina soketi! Kilichobaki ni kutazama picha iliyochapwa kwenye karatasi ya boksi. Picha hata kwenye simu ninayo, tena naweza kuivuta nikaiona kwa karibu.

Nilichouziwa ni mashine ya kuchomelea, hizi inveta ndogo za kuning'iniza begani. Ubavuni imeandikwa 400 kwa tarakimu nyekundu. Nikauliza, hii 400 ni ampea? "Ampea 400 kamili mzee wangu, inakula rodi zote." Rodi ya milimita 2.5 inaichoma vizuri, sitaisingizia. Weka ya 3.2 sasa: mshono haujafika mbali taa ya njano imewaka, mashine imekata, feni inapuliza, wewe umesimama na barakoa mkononi unasubiri ipoe. Nikairudisha. "Umeme wako mdogo." Nikamwambia nimepima, volti 230 ziko, hata nikiwa nachomelea hazishuki kiasi cha kulalamikia. "Basi waya wako mwembamba." Waya ni ule ule alionikatia yeye siku ile ile. "Basi umeilazimisha kazi, na mashine ikishalazimishwa dhamana imekufa." Yaani kuitumia rodi ambayo yeye mwenyewe alisema itaila, ndiyo kuilazimisha.

Tufanye hesabu ambayo wenye maduka hawapendi ifanywe. Kwa mashine za rodi, volti za kwenye moto wenyewe hukadiriwa kwa kanuni ambayo watengenezaji wote wanaijua: 20, jumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 400 ni volti 36. Zidisha 36 kwa 400, unapata wati 14,400, na hapo hatujahesabu joto linalopotea ndani ya mashine. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 62 kutoka ukutani. Plagi iliyofungwa kwenye mashine ni ya ampea 13 au 16 basi, hizi hizi za pasi. Plagi ya 16 inatoa wati 3,680. Rudisha hesabu nyuma, toa upotevu, na kwa kazi ya kuendelea hupati zaidi ya ampea 120 hivi. Ndiyo maana 2.5 inakwenda, maana inataka 70 hadi 90. Ile 400 ni jina tu, kama mtu mfupi anavyoitwa Twiga.

Halafu kuna namba ya pili ambayo ndiyo ya maana kwa fundi na haimo kwenye boksi kabisa: katika kila dakika 10, mashine inachomelea dakika ngapi na inapumzika ngapi. Mashine ya kweli ina kibati nyuma chenye jedwali. Ukiona asilimia 60 kwenye ampea 160, maana yake kwa ampea hizo unachoma dakika 6 unaipumzisha 4. Kibati cha kwangu kina jina la chapa na nembo za ubora zilizopangwa kama medali kifuani, jedwali hakuna. Nilimuuliza muuzaji kuhusu hilo. Alidhani nauliza saa za kufunga duka.

Kilichonipandisha zaidi ni hiki. Nikaitafuta mtandaoni. Mashine ni ile ile: umbo lile, kitasa kile, mpini ule, mpaka kosa la herufi kwenye kitabu cha maelekezo ni lile lile. Jina tu tofauti. Nikabandua kona ya stika ya kwangu kwa ukucha, chini yake kuna stika nyingine. Na mtandaoni bei ni nusu. Ndugu zangu, faida sina ugomvi nayo. Mtu ameagiza mzigo, amelipa meli, amelipa ushuru, amelipa pango, amefunga hela yake kwenye rafu, anayo haki ya kuongeza chake. Lakini hiyo nusu ya juu ninayomwachia inanunua nini? Kwa akili yangu inanunua mambo matatu: kujaribu kabla sijalipa, mahali pa kurudisha ikigoma, na spea ikichakaa. Jaribio amenikatalia. Kurudisha amenionyesha kile kibao kilichoning'inia juu ya kichwa chake: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Spea nitazifikia.

Na hapo ndipo mambo yamepinduka. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya tangu 2011 inayompa anayenunua kwa mbali, mtandaoni ikiwemo, siku 14 za kubadili mawazo na kurudisha bila kutoa sababu. Haki hiyo haimhusu aliyenunua dukani, kwa sababu inachukuliwa kwamba dukani umekiona, umekishika, umekijaribu. Sasa wewe hunipi kukishika na hunipi kukijaribu, halafu bado hukipokei. Umechukua ubaya wa pande zote mbili ukaupandishia bei.

Kabla hamjaja kuniambia "si ungeagiza mtandaoni", nanyi nina maneno yenu. Huko uongo haupungui, unabadilisha nguo tu. Drili za betri zinauzwa zimeandikwa 88, 128, na herufi za kuzuga mbele yake. Fungua betri: seli tano zimeungwa mfululizo, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikijaa kabisa kila moja inafika 4.2, jumla 21. Hiyo 128 imetoka kwenye kichwa cha mchora lebo. Biti za rangi ya dhahabu zinazoitwa titani, titani yenyewe ni utando mwembamba wa juu. Chini kukiwa na chuma cha ovyo utando haukusaidii kitu, na siku ukizinoa ncha umeuondoa kwa mkono wako. Nyota tano zenyewe nusu zimeandikwa na watu waliofungua boksi asubuhi wakasifia ufungashaji. "Imefika haraka, bado sijaitumia." Sasa nyota tano za nini? Tena nyota zinahamishwa: Marekani mwaka 2023 tume yao ya biashara iliibana kampuni moja ya vitamini iliyokuwa inaunganisha kurasa za bidhaa tofauti ili bidhaa mpya irithi sifa za ile ya zamani. Kama kwa vidonge inafanyika, kwa grinda itashindikana?

Na umeme je? Mashine iliyotengenezwa kwa soko la volti 120 ukiichomeka kwenye 230 hupati nafasi ya pili. Ukiweka transfoma ya kushusha volti umeokoa waya wa mota, ila masafa, yaani hezi, mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde, hukuyagusa. Grinda na drili zenye brashi za kaboni hazijali sana masafa, lakini kompresa au mashine ya mezani yenye mota isiyo na brashi, iliyokusudiwa hezi 60, kwenye hezi 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita: ya 1,800 inakuwa 1,500 kwa dakika. Muuzaji wa mtandaoni hakuulizi uko wapi. Anauliza anwani. Hata nati tu inaweza kukutesa. Sehemu kubwa ya dunia grinda za diski ya milimita 115 na 125 zina skrubu ya M14, yaani unene wa milimita 14, Marekani ni ya inchi 5/8, na zile ndogo za diski ya 100 mara nyingi ni M10. Umeagiza flanji, ile ya kubania diski, nzuri kabisa, inafika haipandi, na kuirudisha ni gharama kuliko yenyewe.

Kurudisha ndiko kunakoniudhi huko mtandaoni. "Rudisha bure" imeandikwa kwa mtu anayenunua soksi. Kompresa hairudi bure. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hazitazami mizani peke yake, zinapima na ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 60 kwa 30 linahesabiwa kilo 21.6 hata kama ndani ni tangi tupu, yaani hewa nayo unailipia tiketi. Kwa hiyo muuzaji anakwambia, "Tutakurudishia asilimia 20 ya hela, mashine baki nayo." Unabaki na chuma kibovu na asilimia 20.

Kwa hiyo msinipe jibu la kuchagua kati ya wawili hawa. Duka lina silaha ambayo mtandao hautakuwa nayo kamwe, nayo ni mkono wa mteja. Waya wa kuchomelea nikiushika najua. Shaba nyekundu ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, na alumini inapitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Ndiyo maana waya wa alumini uliopakwa shaba juu unachemka na mashine inaonewa. Kwenye picha huwezi kuujua. Dukani ungeukwangua kwa kisu mara moja, ndani peupe, unamrudishia mwenyewe. Lakini waya upo nyuma ya kaunta, kisu hairuhusiwi, na kipimo anakata yeye. Ule alionikatia nimeukwangua nikiwa karakana. Mnajua rangi niliyoikuta.

Diski za kukatia nazo zisemwe, maana hapa kuna watu kupofuka. Diski ya resini ina tarehe ya mwisho, imegongwa kwenye ile pete ya bati ya katikati, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inazeeka na unyevu unaila. Diski ya 115 imeruhusiwa mpaka mizunguko 13,300 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 80 kwa sekunde. Ikipasuka kwa kasi hiyo haikupi muda wa kukwepa. Sasa nendeni mkageuze zile diski zilizopangwa dirishani zinapigwa jua kutwa. Msome pete. Nilizoziona mimi nyingine zimekwisha muda zamani, nyingine pete imekwanguliwa tarehe isisomeke. Mtu amekaa chini, amechukua kitu chenye ncha, amekwangua tarehe moja moja. Huyo hana pa kusingizia kutojua.

Haya, spea. Grinda yangu ya zamani ilikula kaboni, nikatembelea maduka yale yale yanayoiuza mpya. Kaboni hamna. Swichi hamna. Gia ya kichwa hamna. "Nunua mpya mzee, hizi hazitengenezwi." Kaboni! Vipande viwili vya makaa vyenye springi, kitu ambacho mtengenezaji alijua kitaisha, akakiwekea mpaka vifuniko vya kufungua kwa bisibisi pembeni. Beringi nilipata, maana beringi ina namba yake, 608 ni 608 popote uendako, na duka la beringi halijali grinda yako ni chapa gani. Kaboni nikaagiza mtandaoni, zikaja kwenye bahasha, zikakaa sawasawa. Kwa hiyo yule muuzaji wa mbali, muongo wa volti 128, ndiye aliyeniokoa grinda, na jirani aliyeniuzia kwa bei ya mara mbili alitaka niitupe.

Wenye maduka najua mnapita humu kimya kimya, maana kila uzi wa vifaa mnakuja kuacha namba zenu za simu. Safari hii msiache namba. Andikeni hapa chini mashine mnazouza, na mbele ya kila moja: kaboni zake, swichi yake, gia yake, unayo rafuni leo au huna? Na soketi ya kujaribia, ipo?