Naomba ushauri: krapi wananikimbia tangu joto lianze

Wakuu, salaam. Nipo Kentucky, Marekani, na kila Jumamosi alfajiri naenda bwawa la Taylorsville kuvua krapi (crappie, samaki wa maji baridi wa huku). Aprili, walipokuja kutaga kwenye maji mafupi, nilikuwa nawapata hata nikivua kizembe. Tangu Julai iingie naambulia mmoja au wawili, tena wadogo hadi nawarudisha majini.

Natumia jigi (ndoana yenye kichwa kizito na mkia bandia) ya aunsi 1/16 yenye kibati kidogo kinachozunguka chini ya kichwa, mkia mweupe, mshipi unaohimili uzito wa pauni 6. Najua kwenye joto wanashuka na kujibanza kwenye miti iliyozama, futi 12 hivi, na kwamba chini zaidi oksijeni inakuwa haba. Shida yangu ni mwendo. Nikivuta taratibu, kibati kinagoma kuzunguka na ndoana inanasa matawini (nimeshapoteza saba!). Nikiharakisha, jigi inapanda na kuwapita mbali juu. Na hawa samaki hutazama juu wakiwinda, kwa hiyo nikipita chini yao ndiyo kabisa hawana habari.

Je, nihamie aunsi 1/8, au nitafute kibati kipana kinachozunguka hata kwa mwendo mdogo? Na akishakula, namletaje bila kumchana mdomo? Ni laini kama karatasi. Juzi mkubwa kanichomoka nikiwa namwinua. Sato wa Mwanza hawakunizoesha haya.

Mnaovulia gatini kama mimi, bila mtumbwi wala mashine ya kuonyesha samaki, nawasubiri nyie hasa.