Land Rover ya marehemu baba, Land Cruiser iliyotoka utalii, au Honda ya zamani?

Mwana wa Kibosho

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naishi Ngaramtoni, nyumbani ni Kibosho. Baba alitutoka mwaka juzi akaacha Land Rover Series III ya 1978, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Imelala kwenye banda la ng'ombe miaka 6. Kikao cha familia kimenikabidhi mimi kwa kuwa wengine hawaitaki.

Nataka chombo cha kunifikisha shambani mara mbili kwa mwezi, hata masika. Kwenda nabeba mbolea, kurudi nabeba ndizi. Hapa ndipo nimekwama. Nifufue gari la baba? Niliuze, niongeze fedha, nichukue Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, zile zinazoachwa na kampuni za utalii? Au niliache lilale nichukue pikipiki? Kuna Honda mbili nimeziona Mbauda, CG125 na XL125, zote kuukuu lakini zinawaka.

Moyo uko kwa la baba, sifichi. Lile gari lina kirungu cha njano na kirungu chekundu pale chini. Cha njano ukikididimiza magurudumu ya mbele nayo yanavuta, chekundu ni cha gia nzito. Tukifika kwenye tope chini ya kanisa, baba alikuwa ananiambia, "Haya, bonyeza njano." Nilikuwa na miaka 7, na niliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyelitoa.

Fundi Pasua

Pole kwa msiba mkuu. Kabla hujalinganisha chochote, nenda na bisibisi na nyundo ulale chini ya hilo gari.

Watu wanadanganywa na bodi ya Land Rover. Bodi ni aluminiamu. Waingereza walianza kuiunda hivyo mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, na aluminiamu ilikuwepo. Kwa hiyo gari la miaka 45 linang'aa juu kama sahani. Chesisi ni chuma, na wewe umeilaza kwenye banda la ng'ombe. Mkojo na samadi vinakula chuma taratibu, usiku na mchana. Gonga boriti ya nyuma, gonga pale springi zinaposhikia. Mlio mkavu ni mzima, mlio mzito kama wa debe lenye mchanga ni kutu. Kisha sukuma bisibisi kwa nguvu.

La pili, nakuomba sana usiliwashe kwa hamu. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila silinda, liache hata siku mbili. Halafu lizungushe kwa hendeli, kwa mkono, polepole. Ukitia betri na kupiga stata kwenye injini iliyolala miaka 6, ringi zilizoganda zinavunjika na hapo umejitengenezea oveholi. Petroli ya zamani imwage. Mipira ya silinda za breki badilisha yote, hata ile inayoonekana nzima. Breki za gari lililolala ndizo zinazoua.

Dada wa Tengeru

Mimi nina Land Cruiser ya namna hiyo unayoisema, mwaka wa nne sasa, na ningekushauri uchukue hiyo. Injini ya 1HZ ni silinda sita, dizeli, lita 4.2, haina kompyuta ya kukusumbua. Hapa Arusha hata kijana anayejifunza gereji anaijua. Spea unaokota Unga Limited kabla chai haijapoa.

Hesabu ya mafuta nayo iangalie. Ngaramtoni hadi Kibosho na kurudi si chini ya kilomita 200. Land Rover ya petroli ikikupa kilomita 6 kwa lita, ni lita 33 kila safari. Yangu inanipa 8, ni lita 25. Zidisha kwa safari mbili kila mwezi.

Ila ukienda kununua, ulizia kama imerefushwa. Nyingi za utalii zilikatwa chesisi katikati ili ziingie viti zaidi, na paa likatobolewa ili lifunguke. Iliyorefushwa vizuri inadumu. Iliyochomelewa haraka inapasuka palepale kwenye kiungo, na rangi nyeusi imepakwa kuficha. Mimi nilipitisha kidole chini ya rangi nikahisi ufa, nikaondoka. Ya pili ndiyo niliyonunua. Na mkanda wa taimingi badilisha siku unayoinunua, muuzaji aseme asemavyo.

Bodaboda Kiboriloni

Kwenye pikipiki: XL iache, CG chukua. CG injini yake haina cheni ya taimingi, inatumia fimbo za kusukuma valvu. Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya nchi ambazo watu wanaendesha sana na kufanyia sevisi mara chache. Pikipiki nyingi za Kichina tunazobebea abiria zimeigwa humo, kwa hiyo vitu vingi vya injini vinaingiliana. XL nzuri kuendesha lakini utazunguka mji mzima kutafuta kitu kidogo.

Mbolea mfuko mmoja unabeba. Ndizi, mikungu miwili. Zaidi ya hapo kwenye tope la Kibosho unatafuta kuanguka.

Meku wa Machame

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha bwana shamba wetu. Alikuwa na Yamaha AG100, ile yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa. Ukisikia mlio wake unapanda mlima unajua leo kahawa inakaguliwa kama imepata chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Pikipiki ile ilipita mahali ambapo punda alikataa.

Lakini nikwambie la Peugeot, maana ndilo linakuhusu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari Rally 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mimi nilikuwa kijana mdogo. Kaka yangu alisema atanunua 404, na mavuno ya kahawa yalipokuwa mazuri akanunua kweli. Tulienda nayo kanisani, tukabebea bibi harusi, tukapeleka wagonjwa. Alilipenda lile gari kuliko mtu anavyoweza kupenda chuma. Sasa limebaki ganda nyuma ya jiko. Halikufa kwa ubovu. Mafundi waliolijua walizeeka, wakafa, na spea zikaondoka nao.

Kwa hiyo usiulize tu unalipenda kiasi gani. Uliza nani atalitengeneza miaka 10 ijayo. Land Rover kwa Arusha na Moshi bado ina wenyewe. Oktoba 2024 zilipokusanyika Arusha niliziona kwa macho yangu, na waliokuwa wakizirekebisha pembeni ya barabara walikuwa vijana.

Karani Mstaafu

Naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Kadi ina jina la nani? Kama ni la marehemu, huwezi kuliuza wala kuhamisha umiliki TRA mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha familia pekee hakitoshi. Chukueni muhtasari wa kikao mwende mahakamani. Anzeni sasa, maana hata ukiamua kuuza, mnunuzi makini hatakupa fedha bila hilo.

Mwana wa Kibosho

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Jumamosi.

Bisibisi imezama mahali pawili kwenye boriti ya nyuma. Chesisi iliyobaki nimeigonga urefu wote, mlio mkavu, na penye springi pazima. Nilitia oili Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni nikashika hendeli. Mara ya kwanza halikusogea. Nikaliacha, nikajaribu tena kwa uzito wa mwili, likazunguka. Mama alisikia ule mlio akatoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema neno.

Dada wa Tengeru, hesabu yako ya mafuta ni sahihi na nimeiandika kwenye daftari. Land Cruiser ndiyo ingenifaa zaidi kwa kazi. Lakini siuzi. Masika haya nitakodi pikapu pale Moshi mjini, na pikipiki naiacha kwa kuwa mzigo wangu hauenei. Mirathi tunaanza wiki ijayo.

Fundi Pasua, boriti ya nyuma ninunue au utachonga mwenyewe? Na nilete lini?

Fundi Pasua

Usinunue kwanza, niione. Lete Jumanne asubuhi, kwa kuvutwa, si kwa kuwashwa. Na breki bado haina, kwa hiyo wavute kwa chuma kigumu, wasitumie kamba.