Kitoto cha paka kinalia usiku kucha, mwenye nyumba ameanza kuniuliza maswali

Mpangaji_Mbagala
Wakuu, kwema? Naombeni msaada kabla sijafukuzwa nyumba. Nakaa chumba kimoja Mbagala, tuko wapangaji sita. Panya walinizidi, walifika mpaka kutoboa mfuko wa mchele juu ya kabati, ndipo mama ntilie ninayekula kwake mchana akanipa kitoto cha paka. Jike, rangi ya majivu, anaenea kiganjani. Leo siku ya tano.

Mchana hana shida. Narudi kazini namkuta amelala ndani ya kiatu changu. Ikifika saa saba usiku anaanza. Si nyau ya kawaida, ni kilio kirefu cha kuita mtu. Anakwangua mlango, anapanda neti, na neti yenyewe mpya. Nyumba yetu haina dari, kuta zimeishia njiani: ukikohoa chumba cha kwanza, pole inatoka chumba cha sita. Juzi jirani kagonga ukuta mara tatu. Jana mwenye nyumba kaniuliza kwa upole, "Kijana, huyo mtoto wako ana mama?" Nimemwelewa.

Nilimfungia kwenye boksi, akazidisha. Nikampa maziwa ya ng'ombe kabla ya kulala, akaharisha, na harufu ya chumba tusiizungumzie. Nifanyeje?

Bibi_wa_Tanga
Mwanangu, ana umri gani? Meno yameota? Kama hajafika wiki nne, huyo bado wa kunyonya, anatakiwa ale kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Dawa yake ni kumrudisha kwa mamaye kwanza. Na maziwa ya ng'ombe acha, paka wengi matumbo yao hayayawezi. Mwekee maji tu.

Mpangaji_Mbagala
Shikamoo bibi. Meno anayo, jana kaning'ata. Dagaa anakula mwenyewe. Mama ntilie anasema miezi miwili imetimia.

Mzee_wa_Fitina
Paka analia saa saba kamili kila siku? Mkuu, hujapewa paka, umeletewa ujumbe. Mchunguze huyo mama ntilie 😂

Bibi_wa_Tanga
Marahaba. Wewe Fitina kalale.

Mwanangu, wiki iliyopita huyo alikuwa analala katikati ya nduguze, huku mgongo na huku tumbo. Sasa yuko peke yake kwenye sakafu ya saruji. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia maji ya moto kiasi cha kuoga. Usitie yanayochemka, chupa itanywea ivuje. Ivilingishe khanga kuukuu, iweke upande mmoja wa boksi, upande wa pili uache mtupu ili akiona joto limezidi asogee. Boksi lilaze ubavu, mdomo wazi, karibu na kichwa chako. Kisha rudi kwa mama ntilie, muombe tambara alilolalia mama wa huyo paka. Usilifue! Harufu ndiyo unayoitaka.

Mifugo_Moro
Bibi kamaliza upande wa joto. Mimi naongeza ratiba, maana nadhani hapo ndipo mkuu anapokosea. Paka kwa asili huchangamka zaidi magharibi na alfajiri. Huyu analala kutwa ukiwa kazini, kwa hiyo unapozima taa, kwake ndiyo kwanza kumekucha. Mchoshe. Saa tatu usiku funga unyoya wa kuku kwenye kamba, umkimbize robo saa, na mwishoni mwache aukamate, la sivyo atabaki na hamu. Hapo hapo mpe mlo mkubwa wa siku: dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, uwaponde. Paka akishawinda na kula, hujilamba, kisha hulala. Wewe unaigiza tu.

Beseni la mchanga lipo? Mara nyingine kilio ni cha kutafuta choo. Huko kuharisha kukiendelea siku nzima, au ukiona damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kitoto hukaukiwa maji upesi. Ukifika huko ulizia na dawa ya minyoo. Panadol usithubutu, kwa paka ni sumu.

Mwana_Kisauni
Mimi nasema usiamke. Wangu hapa Mombasa nilimuamkia wiki nzima, akajua akilia saa nane anapewa samaki. Nilikuwa nimejiajiri mwenyewe kuwa mpishi wa usiku.

Bibi_wa_Tanga
Hilo kweli kwa paka aliyezoea nyumba. Huyu ni mgeni wa siku tano. Mtilie mkono ndani ya boksi akusikie, basi. Usiwashe taa, usiongee, usimpe chakula.

Mpangaji_Mbagala
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Tambara nimelipata, mama ntilie kacheka mpaka kaunguza chapati. Usiku wa kwanza alilia kidogo, nikatia mkono, akaulalia, nikaamka una ganzi mpaka begani. Wa pili chupa ilipopoa, mnamo saa tisa, akahamia shingoni kwangu. Jana kalala kimya mpaka adhana ya alfajiri. Kuharisha kulikoma siku ileile nilipoacha maziwa. Jirani leo kanisalimia.

Ila jana panya kapita mbele yake, wakatazamana, panya akaendelea na safari yake. Hilo nalo nifungulie uzi mwingine?

Bibi_wa_Tanga
Mwache akue, mwanangu. Panya uliyemsema mwenyewe anatoboa mfuko wa mchele, unamtuma mtoto wa miezi miwili akapigane naye?